Waliofundisha Bila Ujira: Habari za Walimu wa Kujitolea Katika Uislamu wa Uganda

Katika kitabu hiki cha ukumbusho msomaji ataona picha za misikiti, za viongozi waliovaa majoho, na za siku ya kuweka jiwe la msingi. Ni haki picha hizo ziwemo. Lakini wako watu ambao hawakupigwa picha, nao ndio waliofanya kazi ndefu kuliko zote: wale wazee waliokaa na watoto wa watu wengine baada ya sala ya Magharibi, wakawafundisha alifu na bee, wakawafunza kutawadha, wakawauliza habari za shule na za nyumbani, wala wasilipwe kitu. Nimeombwa niandike juu yao. Nami nimeona haitoshi kuwasifu, kwani sifa ni rahisi. Yafaa tuulize kwa nini walifanya hivyo. Mtu mzima mwenye mke na watoto, mwenye duka lake au bucha yake, naye achoka kama watu wote, ni kitu gani kimtoacho nyumbani jioni kwenda kukaa na mtoto asiye wake?

Jibu la haraka ni thawabu, na jibu hilo ni la kweli. Kila mmoja wetu amesikia hadithi za Mtume wetu (S.A.W.) juu ya ubora wa ajifunzaye Qur'ani na kuifundisha, na juu ya ilimu yenye manufaa kuwa miongoni mwa mambo yasiyokatika mtu akifa. Walakini thawabu zapatikana kwa milango mingi. Mwenye mali aweza kuchimba kisima, na asiye na mali aweza kufagia msikiti. Kisima chaonekana, na jina la aliyekichimba hutajwa. Kumfundisha mtoto mtukutu kusoma ni kazi ya miaka, isiyoonekana, na aghalabu mtoto mwenyewe huondoka bila ya kusema ahsante. Kwa nini basi wakauchagua mlango ulio mgumu? Kwa maoni yangu historia ya nchi yetu yatoa sehemu kubwa ya jibu.

Uislamu ulipoingia Buganda haukuletwa na jumuiya yenye bajeti wala na chuo chenye mudiri. Mwarabu wa kwanza ajulikanaye kufika katika baraza la Kabaka Suna, mwaka 1844, alikuwa mfanya biashara, jina lake Ahmed bin Ibrahim. Alikuja kutafuta pembe za ndovu. Imesimuliwa ya kuwa siku moja, watu walipokuwa wakitolewa kuuawa kwa amri ya Kabaka, mgeni huyu aliinuka mbele ya baraza zima akasema kuwa watu wale ni viumbe vya Mwenyezi Mungu, na kwamba kuwaangamiza ni dhambi kubwa. Ilikuwa ajabu kwamba yeye naye hakuuawa. Suna alijibu kuwa ufalme amepewa na miungu yake. Lakini akataka kumsikia zaidi, na mfanya biashara akageuka kuwa mwalimu.

Suna alifariki mwaka 1856, na mwanawe Mutesa akashika kiti. Wafanya biashara wa pwani wakazidi kufika, na baadhi yao wakawa wakifundisha barazani kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Kabaka Mutesa mwenyewe alijifunza Kiarabu na Kiswahili, na tangu mwaka 1867 akafunga Ramadhani kwa muda wa miaka ipatayo kumi. Tusiwe watu wa kuficha mambo: wafanya biashara hao walikuwa na faida yao. Mfalme asomaye kitabu chako ni mteja mzuri, na njia ya msafara wako huwa salama. Katika mizigo yao mlikuwa na bunduki, na katika misafara yao ya kurudi mlikuwa na watumwa. Mambo haya yote yalikuwa pamoja, nasi hatuwezi kuchukua lililo jema tukayakana mengine. Hata hivyo, hesabu ya biashara haimlazimishi mtu kumfundisha kijana mdogo wa jikoni kwa Kabaka namna ya kuunganisha herufi. Na vijana wa namna hiyo walifundishwa pia. Ushahidi umo katika lugha mpaka leo. Mganda asemaye "okusoma," au "ekitabo," au "ekkalaamu," ataja maneno yaliyopanda kutoka pwani pamoja na walimu hao. Na Muislamu wa Buganda akisema "mwalimu" humkusudia mwalimu wa dini, kwani mwalimu wa shule ana jina lake jingine la Kiganda.

Jambo la ajabu zaidi lilitokea kwa vijana wenyewe. Vijana waliokuwa wakitumika katika kasri ya Kabaka walisoma kwa bidii kuliko wakubwa wao, na mmoja akijua kidogo alimpa mwenziwe kile kidogo. Ikawa baadhi yao waijua dini kuliko Kabaka aliyewaruhusu kujifunza. Walipofika watu kutoka Misri katika miaka ya 1875 na 1876, na pamoja nao wanavyuoni, wakasema wazi kwamba mtu asiyetahiriwa haifai kuongoza sala, na kwamba msikiti wa kasri haukuelekea kibla. Vijana walisikia, wakashika. Wakakataa kusali nyuma ya Kabaka, na wakakataa kula nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa. Kabaka aliona huo ni uasi. Mwaka 1876 akaamuru wakamatwe, na hesabu isemwayo ya waliochomwa moto Namugongo ni 70 au zaidi. Wengi wetu twalijua jina la Namugongo kwa ajili ya mashahidi wa Kikristo waliouawa miaka kumi baadaye. Mashahidi wetu walitangulia.

Nawaombeni ndugu zangu tutulie hapa kidogo. Waliosalia baada ya mwaka huo, waliokimbia au kujificha, walijua kwa macho yao gharama ya kusoma. Wangaliweza kunyamaza. Lakini Wakristo wa Kizungu walipoingia, Waingereza mwaka 1877 na Wafaransa mwaka 1879, walikuta Waislamu wangali wapo, tena wakisoma. Maana yake ni kuwa katika ile hofu wako watu waliowafundisha wengine. Hatuyajui majina yao yote, wala hatujui walifundishia wapi. Twajua tu kwamba mnyororo haukukatika. Na mnyororo wa ilimu, tofauti na wa chuma, hauwezi kulala bila ya mtu ukaendelea kuwa mnyororo.

Vita vya dini vya mwaka 1888 na miaka iliyofuata nitavipita upesi, kwani vimeandikwa sana. Waislamu walitawala muda mfupi chini ya Kabaka Kalema, kisha wakashindwa. Mwanamfalme Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa, akawa mkubwa wao, na mwaka 1893 akapelekwa Zanzibar uhamishoni kabla ya kurudishwa. Katika Mkataba wa mwaka 1900 Mbogo na wafuasi wake walipewa maili 24 za mraba, na katika masaza 20 ya Buganda Waislamu wakabaki na moja tu, Butambala. Wengi walitawanyika. Walikwenda Busoga, Bunyoro, Toro, Ankole, na upande wa Mbale, wakawa wachuuzi, wachinjaji, washoni, na baadaye madereva. Aliyekuwa na juzuu yake mkobani alikwenda nayo. Na alipokaa miezi mitatu mahali, watoto walimzunguka.

Hapo ndipo lilipotokea shida lililowafanya wazee wetu wawe walimu, wapende wasipende. Shule zote nzuri zilikuwa za misheni. Mtoto akienda alisoma hesabu na Kiingereza, akapata ukarani, akavaa viatu. Lakini pia alifundishwa dini ya wenye shule, na mara nyingi alirudi nyumbani na jina jipya. Baba Muislamu alikuwa na njia mbili, na zote mbili zaumiza. Akimpeleka mwanawe shule, huenda akampoteza. Akimzuia, amempoteza kwa namna nyingine, maana kijana atakuwa mchukuzi wa mizigo ya wenziwe waliosoma. Baba wengi walizuia. Matokeo tuliyaona kwa miaka mingi katika afisi za serikali, ambamo jina la Kiislamu lilikuwa la kutafuta kwa taa, na nje, kwenye kilinge cha magari na machinjioni, majina yetu yalijaa.

Baina ya njia hizo mbili mzee wa jioni alifungua ya tatu. Mtoto na aende shuleni asubuhi, na jioni aje kwangu. Sikusudii kusema kuwa waliketi mahali wakapanga shauri hilo. Kila mmoja alianza peke yake, kwa kuwa jirani alimwomba, au kwa kuwa mtoto wa ndugu yake aliponea chupuchupu kubatizwa. Lakini tukitazama nyuma twaona ya kuwa shauri lilikuwa moja. Mzee alikuwa mlinzi aliyekaa mlangoni ili mtoto aweze kutoka nje na kurudi.

Mimi nilisoma kwa mzee mmoja aliyekuwa mchinjaji. Alikuwa akifunga bucha saa kumi, akioga, akibadili kanzu, na baada ya Magharibi alikaa barazani kwake juu ya mkeka na taa ya mafuta. Tulikuwa watoto kumi na wawili, mara kumi na watano. Pwani, kama wanavyojua waliosoma huko, chuo kilikuwa na ada zake: kitu cha kumwingiza mtoto, pesa ya Alhamisi, na zawadi ya kuhitimu. Mzee wetu hata ile ya Alhamisi aliikataa. Baba yangu alipompelekea kanzu mpya siku niliyohitimu Juzuu Amma, aliipokea kwa adabu, kisha Ijumaa iliyofuata tukaiona kwa muadhini.

Nilipokuwa mkubwa nikamwuliza: "Mwalimu, kwa nini hukutaka malipo hata mara moja?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. Akasema: "Mimi nilifundishwa na mshoni mmoja hapa chini sokoni. Hakunitoza kitu, nami sikuwa na kitu. Nilipopata, nikaenda kumlipa, nikaambiwa amekufa. Sasa nimlipe nani? Wewe ulikuwa hapo, ukilia makamasi. Nikakulipa wewe."

Kisha akaongeza jambo ambalo nalikumbuka zaidi, maana lilimtoka kwa haya: "Tena nikwambie kweli, mwanangu. Kama si ninyi, Alfajiri ingenipita mara nyingi. Mimi napenda usingizi. Lakini mtoto niliyemwambia jana kuwa sala ni nguzo, nitamtazamaje leo akinikuta nimelala?"

Naamini katika maneno haya mawili mna jibu letu kuliko katika hotuba nyingi. La kwanza ni deni, nalo ni deni la namna ya peke yake, kwani mdai amekwisha kuondoka na mlipwaji hajui kwamba alipwa. La pili ni kwamba mwenye kulea hulelewa. Huja kumshika mkono mtoto asianguke, akagundua kuwa mkono ule wamzuia yeye pia.

Nisipotaja na makosa yao nitakuwa nimewadhulumu, maana mtu asiye na kosa hana historia. Bakora ilitumika mno. Wako watoto waliokimbia chuo wasirudi, nao leo ni wazee na bado hawalipendi jina la mwalimu wao. Wengi tulisoma herufi bila ya maana. Nimehitimu nikiwa siwezi kueleza aya moja. Tena ulipotokea ule mzozo wa sala ya Adhuhuri baada ya Ijumaa, uliowagawa Waislamu wa Buganda tangu miaka ya 1920, walimu waliingia katika pande mbili na wakawachukua watoto pamoja nao, hata wengine wakakatazwa kucheza na binamu zao. Mtu afundishaye bure hana wa kumwajiri, na kwa hiyo hana wa kumkanya.

Na liko kosa jingine, lakini hili si lao. Ni letu sisi wazazi. Kwa kuwa walifundisha bure tuliona kuwa mafunzo hayana gharama. Tulichanga fedha za mnara na za mazulia, na mwalimu akanunua chaki kwa fedha za nyama yake. Nikiwa kijana nilihudhuria mkutano wa waumini, mahali ambapo sitapataja, ambapo aliomba taa ya pili kwa kuwa watoto wamezidi. Akajibiwa kuwa ajuaye kujitolea hujitolea na taa. Watu walicheka. Yeye naye alicheka. Mimi sikucheka, na hata leo nikikumbuka sicheki.

Aliyelifahamu jambo hilo mapema kuliko wengi ni Mwanamfalme Badru Kakungulu, mwana wa Mbogo. Alizaliwa mwaka 1907, na baba yake alipofariki mwaka 1921 akabaki kijana mdogo mwenye jina kubwa na watu wengi wa kuwatazama. Yeye mwenyewe alisoma King's College Budo, shule ya Kikristo, akatoka Muislamu kama alivyoingia. Kwa hiyo alizijua zile njia mbili kwa kuzipita, si kwa kusimuliwa. Aliona kuwa mzee wa jioni ni mtu wa kushukuriwa, lakini haiwezekani umma mzima uning'inie katika baraza lake. Mwaka 1944 kikaundwa Chama cha Elimu cha Waislamu wa Uganda, naye akiwa mbele. Akatoa ardhi yake ya Kibuli. Juu ya kilima hicho Prince Aly Khan alikuwa ameweka jiwe la msingi la msikiti mwaka 1941, na msikiti ukafunguliwa mwaka 1951. Kandoni mwake zikasimama shule, chuo cha ualimu, na mwaka 1959 shule ya sekondari. Jumuiya ya East African Muslim Welfare Society, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1945, ilisaidia kwa fedha katika majengo mengi ya Afrika Mashariki, kwa sharti kwamba wenyeji nao wachange. Sharti hilo lilikuwa zuri. Liliwalazimisha watu watoe mikono mifukoni.

Msidhani kuwa Kakungulu alikuwa mtu wa ardhi na karatasi tu. Alipenda vijana na michezo, na kombe la taifa la mpira lililoanza mwaka 1971 lilipewa jina lake. Wako wanaume wenye mvi leo wasiokumbuka hotuba yake hata moja, lakini wanakumbuka kuwa alikuja kuwatazama wakicheza.

Pia tumezoea kusema "mwalimu" tukimwona mwanamume mwenye kofia. Wasichana walifundishwa na nani? Walifundishwa na mama zetu, ndani, baina ya chungu na mtoto mchanga, bila ya baraza wala mkeka wa watu. Dada yangu alihitimu kwa bibi mmoja aliyekuwa akikaanga sambusa za kuuza. Alimsikiliza mwanafunzi huku akigeuza sambusa, wala kosa la irabu halikumpita. Bibi huyo katika kumbukumbu za msikiti wetu hayumo hata kwa mstari mmoja. Akitajwa hapa bila jina, ni kwa kuwa jamaa zake wamependa hivyo.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962 serikali ilichukua uongozi wa shule zilizopokea msaada wake, na ile hofu ya majina ikapungua. Mwaka 1988 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu Mbale, jambo ambalo mchinjaji wangu angalidhani ni ndoto. Kwa hiyo wako wasemao kuwa kazi ya mzee wa jioni imekwisha. Mtoto ana shule, ana somo la dini katika ratiba, ana walimu wenye shahada. Mimi nafanya kazi na vijana na sioni hivyo. Shule humpa kijana mtihani; haimpi mtu mzima mmoja wa kumwuliza afanyeje kama ameshindwa mtihani. Kijana wa miaka kumi na saba aliyefiwa na baba, au ambaye baba yuko hai lakini hayuko nyumbani, hahitaji darasa jingine. Ahitaji fundi amwambie njoo gereji Jumamosi, au muuguzi amweleze msichana namna ya kujaza fomu ya chuo, au karani mstaafu asome barua yake ya kuomba kazi kabla hajaituma. Jumuiya yetu imeanza kuandika majina ya watu wa namna hiyo. Safari hii tumeamua kwamba nauli, madaftari na taa vitoke katika mfuko wa jumuiya, na kwamba asiachwe mtu mzima na kijana bila ya wazazi kujua wapi na saa ngapi. Wengine wamenung'unika kuwa kujitolea kukiwekewa kanuni si kujitolea tena. Nimewajibu kwa habari ya taa ya pili.

Baraza la mchinjaji bado lipo. Mjukuu wake, aliye fundi wa simu, hukaa pale siku tatu kwa juma, chini ya taa ya umeme, na watoto tisa. Mwezi uliopita nilipita kumsalimu, nikamkuta anasahihisha irabu za mtoto mmoja kwa kidole, kama alivyokuwa akifanya babu yake. Akanikaribisha kahawa. Tukazungumza. Nilipoinuka kwenda akaniuliza, "Mzee, siku ya Jumanne jioni una kazi?"